Kabla hujasema "tazama mlima"

Mzee wa kanisa alitupa kazi: Alhamisi ijayo kila mmoja aje jumuiyani na kitu kimoja cha shambani, cha porini au cha uani kwake, kinachomkumbusha kwamba Mungu anamjali.

Alhamisi ikafika, sebule ya mwenyeji wetu hapa Rau, Moshi, ikajaa vitu. Kwenye meza ya chai kulikuwa na maparachichi, chane ya ndizi mshare, asali ndani ya kopo la siagi, jani la sale, na maji ya chemchemi kwenye chupa ya soda. Mama mmoja alileta tetea mzima, akamfunga kamba kwenye mguu wa kochi.

Tukasimama mmoja mmoja. Mwenye asali akasifu nyuki. Mwenye sale akatukumbusha jinsi wazee walivyolipeleka jani hilo kwa waliyemkosea, na jinsi ilivyokuwa vigumu kumkatalia aliyekuja nalo. Mimi sikuwa na cha kubeba. Nilionyesha dirishani, upande uliko mlima, nikasema asubuhi ile ulikuwa umefunguka wote, na mimi nikiwa nagombania daladala moyo ukatulia ghafla. Watu wakaitikia amina.

Zamu ikamfikia mgeni. Alikuwa amekuja kuishi kwa dada yake, anauza mitumba soko la Memorial. Hakusimama.

"Mimi sikuleta kitu," akasema. "Kwetu ni Katesh, chini ya Hanang. Sisi mlima ulishuka."

Kuku akakukurika chini ya kochi. Mzee akasema, "Pole sana, mwanangu," akaanzisha wimbo. Tukauimba kwa kasi kuliko kawaida yetu, kisha chai ikaletwa.

Hakuna aliyesema la uongo jioni ile. Nyuki ni wa ajabu kweli, na mlima ulikuwa umefunguka kweli. Lakini kama mlima ukifunguka ni Mungu anatujali, mlima ukishuka ni nini?

Swali hilo limenikaa kooni wiki nyingi sasa.

Mlima husema tunachotaka useme

Mtu wa Moshi haelezwi habari za Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ni nyumba chache za Kikristo hapa mjini zisizo na kalenda au kitambaa chenye picha ya kilele na Zaburi ya 121 chini yake: "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Mara nyingi mchapaji hukatia hapo, nadhani kwa sababu ya nafasi. Zaburi yenyewe haikatii hapo. Inauliza, "Msaada wangu utatoka wapi?", na jibu linauruka mlima, linakwenda moja kwa moja kwa yule aliyezifanya mbingu na nchi. Aliyetunga alijua kuna watu watakaoishia mlimani.

Kuna kisa cha mmisionari Johannes Rebmann, Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro. Tarehe 11 Mei 1848, akitokea pwani na msafara wake, aliona weupe juu ya mlima. Walipopumzika akafungua Biblia, na katika usomaji wake wa kila siku alikuwa amefika Zaburi ya 111. Aliandika kwamba zaburi hiyo ilimgusa maradufu kwa kuwa alikuwa anautazama mlima, hasa mstari wa 6. Huko London alibezwa, na mwanajiografia William Desborough Cooley alikuwa mstari wa mbele kubeza. Theluji karibu na ikweta, nani akubali?

Kisa hiki huhadithiwa kwa ajili ya Cooley, msomi wa mezani aliyeumbuka. Mimi kinachonishika ni ule mstari. Usome mpaka mwisho. Unasema Mungu amewaonyesha watu wake uwezo wa matendo yake kwa kuwapa urithi wa mataifa.

Mataifa ndio sisi.

Rebmann mwenyewe alisafiri na mwavuli, si na bunduki, na sina ugomvi naye. Ila tarehe 2 Machi 1900 wengine wa taifa lake, Wajerumani, walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga pale Old Moshi, chini ya mlima uleule. Mlima haukumtetea. Haukuwa umeahidi kumtetea. Mmoja aliutazama akaona ukuu wa Muumba, mwingine akaona ardhi nzuri ya kahawa, na Kibo kikabaki vilevile kwa wote wawili.

Hapo nilianza kuwa na wasiwasi na ushuhuda wangu wa dirishani.

Barafu na ukungu

Mahubiri ya mazingira huku kwetu yana mchoro mmoja: theluji inayeyuka kileleni, inashuka mitoni, tunakunywa, basi tumshukuru Mungu aliyetuwekea maji juu. Ni mchoro mzuri. Maji hayaufuati.

Kileleni ni jangwa la baridi, mvua na theluji vinavyoanguka kule ni haba. Sehemu kubwa ya barafu inayopotea hugeuka mvuke moja kwa moja, kwa jua kali na hewa kavu, isifike kijito chochote. Mvua nzito hunyesha chini kabisa ya hapo, kwenye ukanda wa msitu, na upande huu wetu wa kusini ni karibu mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko maji yanakozama ardhini. Yanaibuka chemchemi, yanagawanywa kwenye mifongo, ile mifereji ya wazee, yanapita vihambani kwenye migomba, yanafika kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, na yakiendelea kusini yanaingia kwenye bwawa linaloitwa, bila mzaha wowote, Nyumba ya Mungu. Yanayovuka hapo yanaishia baharini Pangani.

Na barafu inaondoka. Kati ya mwaka 1912 na 2011 eneo lake lilipungua kwa takribani asilimia 85. Kama kumbukumbu yangu ya kujaliwa na Mungu imeandikwa kwenye barafu, wajukuu zangu nitawaachia kalenda.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa mgumu mlimani miaka mingi, akibeba mizigo ya wageni mpaka magoti yalipogoma, ana maelezo yake kuhusu msitu. Anasema wageni huupita siku ya kwanza wana haraka ya kutoka, na wakirudi wanaulalamikia kwa matope. Hakuna anayeupiga picha ila mbega akijitokeza. Lakini huko ndani, anasema, hata siku isiyo na mvua unaloa. Ukungu unapita kati ya matawi, kuvumwani inaushika, na maji yanadondoka tone moja moja kwenye kofia yako. Ukikaa kimya unasikia msitu mzima ukidondoka.

Nilipenda hilo. Sehemu ya mlima inayotulisha ni ile ambayo hakuna mtu anayeinua macho kuitazama. Na ndiyo inayoweza kuumizwa na sisi: moto wa Oktoba 2020 uliteketeza sehemu kubwa ya vichaka vya juu ya msitu, na vichaka vile navyo vilikuwa vinashika ukungu. Maji ya mfongo nayo hayashuki yenyewe. Kuna siku ya kuzibua, kuna majembe, na kuna faini kwa asiyetokea. Nikisema Mungu amenipa maji, inabidi nikubali yamepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika bombani kwangu, na mmoja wa hao watu angeweza kulala siku hiyo.

Basi nikashusha macho. Nikasema nitafute karibu.

Hondohondo wa korongoni

Nyuma ya nyumba zetu kuna korongo, na kwenye korongo kuna mkuyu wa siku nyingi. Juu kwenye shina, mahali tawi kubwa lilipokatika zamani, pana tundu. Ningelipita miaka yote bila kulijua. Mzee mgumu ndiye aliyenisimamisha.

"Unamwona yule baba?" akanionyesha kwa fimbo. "Mke wake yumo ndani."

Hondohondo tunao wengi Moshi, na kelele zao huwaudhi wengi. Mbawa zao unazisikia zikipiga hewa kabla hujawaona. Ni mweusi, tumbo jeupe, na dume ana pembe kubwa la njano iliyopauka juu ya mdomo, utadhani limemzidi uzito. Nilichokuwa sikijui ni mambo yao ya uzazi.

Jike huingia tunduni, kisha mlango unazibwa naye akiwa ndani. Dume huenda kuokota udongo, huumeza, hurudi akautapika vidonge vidonge vilivyolowa mate, na jike huvipokea akavipiga lipu kwa mdomo wake mwenyewe. Unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Humo hutaga, humo hulalia, humo hulea, na inapita miezi mitatu na zaidi kabla ya kutoka. Muda wote huo chakula ni kile kinacholetwa.

Nilikaa kwenye jiwe nikamsubiri dume. Alipotua, mdomo ulikuwa mtupu. Nikamwambia mzee, "Leo amekosa." Mzee akacheka.

Ndege akainamisha kichwa. Koo likacheza, likapandisha kitu, na kwenye ncha ya mdomo likatokea kuyu moja, zima, halijapasuka. Akalipitisha ufani. Ndani pakatokea ncha nyingine ya mdomo, ikalichukua. Dume akainua kichwa, koo likacheza tena, likatoka jingine. Kisha jingine. Kisha jingine. Nilipodhani yamekwisha, likatoka jingine. Alikuwa amekuja na koo zima, na hakutoa yote kwa pamoja maana ufa usingepitisha.

Mle ndani mkuyu hauonekani. Jike haoni umbali alioruka mwenzake, wala mwewe waliopo njiani, wala msimu kama ni wa neema au wa shida. Anaona ufa, na kwenye ufa kuna kuyu moja. Akilimeza, kuna jingine.

Nilisema "Asante Bwana" kwa sauti. Mzee akanitazama akidhani nimeumwa na siafu.

Kinda la pili

Makala hii ingeweza kuishia hapo, na ingekuwa tamu. Ningeongeza mstari wa ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna, mkaisambaza kwenye makundi yenu ya WhatsApp.

Tatizo ni kwamba niliendelea kumuuliza mzee maswali.

"Huwa wanataga mangapi?"

"Moja. Mara nyingine mawili."

"Na wakiwa mawili, wanatoka wote?"

"Kwa kawaida anatoka mmoja."

Wa pili hudhoofika humo humo, kwa baba yuleyule na makuyu yaleyale. Mzee alilisema bila kupunguza sauti wala kuongeza. Amekaa na viumbe muda mrefu, hana haja ya kuwapamba.

Nikarudi nyumbani nikafungua Ayubu, sura ya 38 na 39, pale Mungu anapomjibu mtu aliyefiwa na watoto wote kwa kumtembeza mbugani. Huwa tunazisoma kwa haraka, kama ziara ya shule. Safari hii nilizisoma polepole. Wamo kunguru ambao makinda yao yanalia kwa njaa. Yumo mbuni anayeacha mayai mchangani na kusahau kwamba mguu unaweza kuyaponda. Yumo tai, na makinda yake hunywa damu. Mungu mwenyewe, akichagua picha za kumwonyesha Ayubu, hakumwondolea zile mbaya.

Na Yesu naye, kwenye maneno ambayo sisi huyatumia kufarijiana: "Wala hata mmoja haanguki chini asipojua Baba yenu." Shomoro anaanguka. Anachoahidiwa ni kwamba Baba anajua. Nimeusikia mstari huo tangu Shule ya Jumapili, na kila mara mhubiri aliruka pale kwenye kuanguka akakimbilia kwenye nywele za kichwani zilizohesabiwa. Hata Eliya aliyeletewa mkate na nyama na kunguru kando ya kijito cha Kerithi, ukigeuza macho mstari unaofuata kijito kinakauka.

Nilibaki na njia mbili. Nimfiche kinda wa pili ili ushuhuda wangu usimame, au niache kumtumia hondohondo kama hoja.

Mvua ni yake yote

Jumamosi moja nikapanda Old Moshi kwa mama. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, akanisukumia kisu cha pili bila salamu ndefu. Nikamsimulia yote: mgeni wa Katesh, barafu, ndege. Mama husikiliza huku akifanya kazi, na unajua ametega sikio pale kisu kinapopunguza mwendo.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "mvua ikichelewa si mnaiombea kanisani?"

"Tunaiombea."

"Ikija ikanywesha mahindi mnasema ni Mungu. Ikija ikavunja daraja mnasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua ni yake yote."

"Kwa hiyo la Katesh nalo ni lake?"

Kisu kikasimama.

"La Katesh mimi sijui. Mimi nashukuru ndizi. Jirani akiniletea chumvi namwambia aika, asante, naipokea. Sijasema najua kwa nini mwenzangu wa bondeni hakuletewa."

Kisha akaniambia namenya vibaya, naacha nusu ya ndizi kwenye ganda.

Kwenye tabianchi sikumwachia. Tukichoma msitu na kulima mpaka ukingoni mwa mto, daraja likienda na maji tusimsingizie Mungu peke yake, tulimshikia ngazi. Lakini lile la chumvi lilinifungua kitu, na nimekaa nalo tangu hapo.

Ninapomwambia Mungu asante kwa mlima uliofunguka, nazungumza na Mungu. Yeye anajua nilikuwa na hali gani asubuhi ile kwenye foleni, deni gani lilikuwa linanisumbua, na kwa nini weupe ule ulinituliza. Hakuna mtu anayeumizwa na asante yangu. Ila ninapogeuka sebuleni nikasema, tazameni mlima, Mungu anatujali, nimeanza kuzungumza na watu ambao milima yao siijui. Maneno karibu ni yaleyale. Kazi inayofanyika ni nyingine. Nimeichukua zawadi niliyopewa mimi nikaifanya kipimo cha kila mtu, na anayetoka kwenye tope anabaki amekaa, akiwa ndiye mwenye upungufu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Mkristo mwenye akili aache habari za kumwona Mungu kwenye miti na ndege, eti ni imani ya watoto. Zaburi ya 104 imejaa chemchemi, ndege korongo na wanasimba, na ni wimbo wa ibada. Wimbo huo unamwelekea Mungu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali unapomgeukia jirani aliyefiwa na kumwambia, unaona sasa?

Majibu ya kisomi

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Sisi huku tulikuwa tunawasha mshumaa wa kwanza. Asubuhi hiyo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilikatika. Serikali ilieleza baadaye kwamba palikuwa na miamba dhaifu iliyonyonya maji mpaka ikaachia, likashuka tope lenye mawe na miti mpaka mjini Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80.

Nilikuwa na maelezo mazuri ya kijiolojia. Mlima Meru, hapo Arusha, ubavu wake wa mashariki ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaporomoka mpaka mbali. Mabaki yake yakaacha mabonde, mabonde yakashika maji, na leo ndiyo maziwa ya Momella yenye flamingo ambayo tunapeleka watoto kuyatazama. Udongo wa volkano unaobomoka ndio huohuo unaoinua ngano ya Hanang na migomba ya mama yangu. Ukitaka mlima wenye rutuba, hujapewa mlima wa zege.

Yote ni kweli, na inapendeza ukiwa umekaa kwenye gari la watalii. Kwa mtu aliyezika ni matusi. Momella ilichukua muda mrefu kuwa nzuri, na hakuna anayeishi muda huo.

Sikumpelekea yule mgeni.

Memorial

Nilimfuata sokoni hata hivyo, kwa kisingizio cha sweta. Nilimkuta anakunja mzigo mpya, meza yake iko kwenye kona isiyo na kivuli. Nikamsalimia, nikajieleza kwamba ni yule wa jumuiya, wa dirishani.

"Nakukumbuka, kaka. Uliyeleta mlima."

Nikamuuliza kama tulimkwaza siku ile.

"Hapana. Mliomba kitu, nikasema sina. Hata wewe ukiombwa sukari huna si unasema huna?" Akanitupia sweta la kijivu. "Pima hili."

Nikiwa nalipima, yeye ndiye aliyeanza. Alisema mchungaji mmoja aliyewatembelea kule alihubiri habari za Nuhu, na watu walimsikiliza vizuri maana Nuhu naye aliposhuka safinani alikuta tope.

"Nuhu akapewa upinde," akasema. "Sisi tukapewa turubai. Na maharage. Na watu wakaja na masepetu, wa makanisa yote, na Waislamu, wakachimba na sisi."

"Upinde haukutokea hata siku moja?"

"Kaka, mvua ilikuwa haijakatika. Upinde ungetokea wapi?" Akacheka kidogo, akarudi kwenye biashara. "Elfu nane. Usiniombe sita, limetoka sasa hivi."

Usiku nikaisoma Mwanzo 8 na 9. Kuna ahadi ile kwamba majira ya kupanda na mavuno, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, havitakoma. Inatolewa mbele ya watu waliotoka kwenye gharika, kabla hata nguo hazijakauka. Halafu unakuja upinde, na hapo ndipo niliposimama muda mrefu. Siku zote nimefundishwa kwamba upinde umewekwa ili sisi tukumbuke. Soma tena sura ya 9. Mungu anasema yeye atautazama, naye atalikumbuka agano lake. Anayekumbushwa pale ni yeye.

Nimeanza kuomba kwa njia hiyo, na bado sijaizoea. Zamani niliutazama mlima nikasema, nimekumbuka, asante. Bado nasema hivyo asubuhi ukifunguka. Lakini naongeza kitu ambacho zamani ningeona ni utovu wa adabu mbele za Mungu: Bwana, itazame na Hanang. Mtazame na kinda wa pili. Ukumbuke. Nikamwambia mzee wa kanisa habari hii, akasema Mungu hasahau kwa hiyo hahitaji kukumbushwa, na kwamba nijihadhari na kusoma usiku sana. Nikamwonyesha mstari. Akasema tutauzungumza jumuiyani, na mpaka leo haujawekwa kwenye ratiba.

Jumapili iliyopita baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka, kama kawaida. Mnada wa kanisani mnaujua, bei haina uhusiano wowote na kitu. Ukaletwa mche wa parachichi kwenye mfuko mweusi, majani manne. Yule dada wa Katesh akanyoosha mkono akasema elfu saba. Mama wa kwaya akasema nane. Dada akasema tisa. Mwinjilisti, kwa kuchochea tu, akasema tisa na nusu. Dada akasema kumi, watu wakapiga makofi, mche ukawa wake.

Akatoa noti ya elfu ishirini, akasimama pale mbele anasubiri.

"Dada," mnadishaji akamwambia kwa tabasamu, "hapa chenji huwa tunamwachia Bwana."

"Bwana ameshapata kumi yake," akajibu. "Hiyo nyingine ni ya samadi."

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akiwa wa kwanza, na chenji yake akapewa.